Mbona rangi inatoka tope? Mwongozo kamili wa kuchanganya rangi kwa msukaji, mchoraji na anayewafundisha

Picha ninazotumiwa kwa simu zinafanana. Kikombe cha plastiki, ndani yake kitu kama tope la mikokoni, na chini yake swali: "Mwalimu, nimechanganya nyekundu na bluu nipate zambarau. Hii ndiyo nini?" Mwingine anatuma chane za ukindu, yaani vipande vyembamba vya majani ya mkindu vya kusukia mikeka, alizochemsha kwa rangi ya waridi, zimetoka kama nyama ya papai. Nimejibu kwa sauti mpaka koo limekauka. Leo naandika lote.

Ninaishi Lindi mjini, nafundisha hapa na Mikindani, mara nyingi barazani: akina mama wasukaji upande huu, vijana wanaochora mabango na fulana upande ule. Mifano mingi hapa ni ya mkeka, kwa kuwa chane ikishakunywa rangi hairudi nyuma. Lakini hatua sita za kwanza ni zilezile kwa mchoraji, mtu wa batiki na mtunga shanga.

## Vifaa, kabla ya kugusa chochote

Rangi za maji za shule, za chupa au za tyubu, zinatosha kujifunzia. Usianze na rangi ya mkeka, utamaliza ukindu bure. Unahitaji sita, mbilimbili:

- Njano mbili: moja kama ganda la limau, nyingine kama kiini cha yai la kienyeji.
- Nyekundu mbili: moja ya pilipili iliyoiva, nyingine inayoelekea waridi.
- Bluu mbili: moja kama bahari ya maji mafupi saa sita mchana, nyingine kama kaniki mpya.

Ongeza nyeupe moja. Nyeusi usinunue kwa sasa, sababu utaiona hatua ya nne.

Mengine: karatasi ya manila nyeupe, brashi mbili, makopo mawili ya maji (moja la kuoshea, moja la maji safi), kitambaa chakavu, na vifuniko vya chupa za maji kama ishirini. Vifuniko ndivyo vipimo vyako na ndivyo sahani zako za kuchanganyia. Daftari na peni pia. Asiyeandika alichochanganya atakuwa anabahatisha hadi uzeeni.

Kama mfuko unaruhusu rangi tatu tu, chukua waridi, limau na bluu ya bahari. Watu wengi hununua nyekundu ya pilipili na bluu nzito kwa sababu ndizo zinazong'aa dukani. Hapo ndipo tope linapoanzia. Waridi ukiitia njano inakupa pilipili, na bluu ya bahari ukiitia waridi inaelekea kaniki. Kinyume chake hakiwezekani: pilipili haigeuki kuwa waridi hata uisomee dua. Hata mashine za kuchapia picha hutumia samawati, waridi iliyokolea na njano, halafu nyeusi ya kukazia.

## Hatua ya 1: Toka chini ya turubai

Kaa nje kwenye kivuli cha ukuta au cha mti usiokuzibia anga, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Weka karatasi nyeupe mbele yako.

Sababu ni kwamba rangi haiwezi kurudisha mwanga ambao haikupewa. Chini ya turubai la bluu la sokoni, mwanga unaokufikia umeshachujwa: nyekundu inazima, na bluu inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Usiku chini ya balbu ya manjano mambo yanageuka. Wanaouza kanga wanalijua hili vizuri, na mnunuzi mjanja huibeba kanga mpaka barabarani kabla ya kutoa hela.

Usikae juani moja kwa moja, macho yatachoka na kila rangi itaonekana imepauka.

Umefaulu kama karatasi yako inaonekana nyeupe tu, haina unjano wala ubluu. Ukitaka kuona jinsi nyeupe inavyobadilika, pita kwenye boma la Mikindani saa sita mchana, kisha rudi jua linapozama. Ukuta ni uleule, lakini jioni unaona rangi ya maziwa yenye chai.

## Hatua ya 2: Ijue rangi inaegemea wapi

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tusikimbie.

Kila rangi ya dukani ina upande inaoegemea. Hakuna nyekundu tupu. Nyekundu ya pilipili imebeba unjano ndani yake, nyekundu ya waridi imebeba ubluu. Bluu ya bahari inaegemea kijani, maana yake ina unjano. Bluu ya kaniki inaegemea zambarau, maana yake ina uwekundu. Njano ya limau inaelekea kijani, njano ya yai inaelekea chungwa.

Mwaka juzi bibi mmoja wa Mikindani, msukaji tangu hajavunja ungo, alinikatiza hapo. "Mwanangu, unasema bluu hii ina njano. Njano iko wapi? Mbona mimi siioni?" Sikubishana naye. Nilichukua tone moja la bluu ya bahari, nikaliyeyusha kwa nyeupe mpaka likawa jepesi. Kando yake nikafanya vilevile kwa ile ya kaniki. Akaviangalia vifuniko viwili kwa muda. "Hiki ni maji ya pwani," akasema. "Na hiki ni ua la zambarau lililofifia. Kumbe inajificha kama sukari kwenye chai."

Fanya hivyohivyo kwa rangi zako zote sita:

1. Paka mraba wa rangi nzito kama ilivyotoka kwenye chupa.
2. Kando yake, paka rangi hiyohiyo iliyotiwa maji mengi.
3. Kando yake tena, changanya tone moja na nyeupe matone matano.
4. Andika chini jina la chupa na upande inaoegemea.

Rangi nzito hudanganya, rangi nyepesi husema kweli. Mraba wa tatu ndio wa kuamini.

Sasa sababu. Fikiri kila rangi ni mla mwanga. Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake. Nyekundu inakula sehemu kubwa ya ubluu na ukijani, inakurudishia wekundu. Ukichanganya rangi mbili, unaweka walaji wawili kwenye sinia moja, na jicho lako linapata kile ambacho wote wawili wamekiacha. Nyekundu ya waridi na bluu ya kaniki zote mbili zinaacha uzambarau, kwa hiyo unapata zambarau. Lakini nyekundu ya pilipili inakula ubluu karibu wote, na bluu ya bahari inakula wekundu karibu wote. Sinia linabaki tupu, na sinia tupu ndilo hilo tope lako.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchanganya ni moja: je, kuna rangi ya tatu iliyojificha? Zambarau inaundwa na nyekundu na bluu. Njano ikiingia, hata kidogo, hata ikiwa imebebwa tumboni mwa nyekundu, kazi imeharibika.

Umefaulu kama unaweza kushika chupa usiyoijua, kuiyeyusha kwa nyeupe, na kusema inaegemea wapi bila kusoma kibandiko.

## Hatua ya 3: Chora duara lako mwenyewe

Usinakili duara la kwenye intaneti. Lile limechorwa kwa rangi za mtu mwingine, tena kwa mwanga wa kioo cha simu. Na hapa nijibu swali linaloletwa na vijana kila mara: mbona wengine wanasema rangi za msingi ni nyekundu, kijani na bluu? Hizo ni za mwanga. Simu na televisheni zinaongeza mwanga juu ya mwanga, na zote tatu zikiwaka pamoja zinatoa nyeupe. Sisi tunatumia rangi zinazokula mwanga, na zote tatu zikikutana zinatoa weusi mchafu.

Kwa sahani na peni, chora duara kubwa kwenye manila na uligawe vipande kumi na viwili kama saa. Weka njano zako mbili juu, upande kwa upande, saa 12 na saa 1 (hizi ni namba zilizo kwenye uso wa saa). Nyekundu mbili saa 4 na saa 5, pilipili ikiwa karibu na njano ya yai. Bluu mbili saa 8 na saa 9, kaniki ikiwa karibu na waridi, bahari ikiwa karibu na limau. Limau basi inakaa saa 12 na yai saa 1.

Halafu jaza mapengo kwa kuchanganya majirani tu:

- Yai na pilipili zinatoa chungwa. Anza na njano vifuniko vinne, kisha tia nyekundu tone kwa tone.
- Limau na bluu ya bahari zinatoa kijani cha mgomba mchanga. Hapa pia njano kwanza.
- Waridi na bluu ya kaniki zinatoa zambarau.

Onyo: daima anza na rangi nyepesi, uongeze nzito. Bluu ina nguvu ya kutisha. Ukianza na kifuniko cha bluu ukitaka kukifanya kijani cha majani, utamwaga chupa nzima ya njano na bado kitakuwa cheusi. Nimeona kijana akifanya hivyo, na rangi haikuwa yake.

Kisha, kwa makusudi, kwenye karatasi nyingine, changanya vibaya. Pilipili na bahari. Yai na kaniki. Utapata rangi ya damu ya mzee iliyochakaa, kahawia, na kijani cha majani makavu. Viandike. Hizi si rangi mbaya, kuna siku utazitaka. Ubaya ni kuzipata siku ambayo hukuzitaka.

Umefaulu kama duara lako linazunguka bila kuruka. Ukiweka kidole popote, jirani wa kushoto na wa kulia wanafanana naye kidogo. Kama kuna mahali rangi inazima ghafla, kuna jirani ameegemea upande usio wake. Rudia kipande hicho tu.

## Hatua ya 4: Zima rangi kwa mpinzani wake

Rangi inayong'aa mno inahitaji kutulizwa. Wengi hukimbilia nyeusi. Jaribu: tia nyeusi kidogo kwenye njano. Umepata kijani cha nguo za jeshi, sivyo? Nyeusi nyingi za dukani zina ubluu, na ubluu ukikutana na njano unafanya kazi yake.

Badala yake tumia mpinzani, yaani rangi inayoitazama kutoka upande wa pili wa duara. Nyekundu na kijani. Njano na zambarau. Bluu na chungwa. Chukua nyekundu vifuniko vitatu, ongeza kijani tone moja, paka. Ongeza la pili, paka. Endelea mpaka ifike katikati, ambapo haina wekundu wala ukijani.

Hapo ndipo zinapotoka rangi za udongo ambazo watu huzinunua kwa bei kumbe ziko mkononi: kahawia, hudhurungi, maji ya kunde, kijivu cha jivu la kuni. Chungwa na bluu zinatoa kijivu kizuri sana ukikitia nyeupe, chenye joto au ubaridi kadiri unavyoegemeza. Kwangu hiki kijivu kina uhai kuliko kile cha nyeusi na nyeupe. Hapo wenzangu wengine wanabisha, wabishe.

Umefaulu kama una mstari wa mraba saba kutoka nyekundu kali hadi kijani kali, na ule wa nne huwezi kuupa jina.

## Hatua ya 5: Pima ukolezi kwa simu

Mtu anachagua nyekundu nzuri na kijani kizuri, anasuka mkeka, na nakshi haionekani. Ukiwa mbali unaona uji. Rangi ni tofauti, ila ukolezi wake, yaani wepesi au uzito wake, ni mmoja.

Paka rangi zako mstari mmoja, piga picha, kisha igeuze iwe ya nyeusi na nyeupe kwa programu ya picha ya simu yenyewe. Rangi zinazogeuka kijivu kilekile zitamezana zikisukwa pamoja. Nyekundu na kijani hufanya hivyo mara nyingi. Njano na zambarau haziwezi, moja ni nyepesi kwa asili, nyingine nzito kwa asili.

Wachonga vinyago wa Kimakonde wanalijua hili bila tone la rangi. Mpingo ni mweusi moyoni na una tabaka jepesi la manjano chini ya gamba. Mchongaji akiacha ukingo wa lile tabaka, jicho linasimama hapohapo. (Wapo pia wanaopaka mti mweupe dawa ya viatu wakauuza kwa jina la mpingo, lakini hiyo ni elimu ya namna nyingine.)

Umefaulu kama kwenye picha isiyo na rangi bado unaisoma nakshi yako.

## Hatua ya 6: Angalia majirani

Kata vipande viwili vya kijivu kutoka karatasi moja. Bandika kimoja katikati ya nyekundu, kingine katikati ya kijani. Rudi hatua tatu. Kile cha kwenye nyekundu kimeota ukijani, cha kwenye kijani kimeona haya kidogo. Jicho huisukuma kila rangi mbali na jirani yake.

Sipendi kuleta historia, lakini hii mnivumilie kwa sababu ni ya watu wa kazi yetu. Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alisimamia upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins kuanzia mwaka 1824. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akazichunguza, akakuta rangi haina kosa. Kosa lilikuwa kwa majirani: nyeusi iliyokaa kando ya bluu na zambarau ilionekana dhaifu. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa hiyo mteja akikwambia "nyeusi yako imechuja", angalia kwanza umeiweka kando ya nini.

Kwa msukaji kuna jambo la pili. Chane nyembamba za rangi mbili, zikipishana moja moja, huchanganyika machoni mwa anayetazama kutoka mbali. Nyekundu na kijani kwa namna hiyo zinageuka kahawia iliyochoka. Njano na bluu, kinyume na utakavyotegemea, hazitoi kijani kizuri. Zinatoa kijivu chenye ukijani hafifu, kwa sababu machoni rangi hazilani kama kwenye kikombe, zinagawana tu. Ukitaka rangi mbili pinzani zipige kelele, zipe upana: ukili (utepe uliokwisha kusukwa) mzima wa hii kando ya ukili mzima wa ile.

Kuhusu wingi, itazame kanga. Mara nyingi ina rangi mbili, tatu, nne. Mji, yaani sehemu ya katikati, una rangi inayotawala, pindo linaishika, na kuna moja ndogo ya kuchokoza. Rangi zikigawana mkeka sawasawa zinagombana. Mpe mmoja nyumba, mwingine baraza, wa tatu mlango tu.

Umefaulu kama ukirudi hatua kumi, bado unajua rangi gani ndiye mwenye nyumba.

## Hatua ya 7: Sasa nenda kwenye sufuria

Rangi ya ukindu haina tabia ya rangi ya chupa. Ya chupa inafunika. Hii inapenya, na mwanga unapita ndani yake unagonga ukindu na kurudi. Kwa hiyo ukindu wenyewe ni rangi mojawapo kwenye mchanganyiko wako, na ukindu ni wa manjano hafifu. Ile rangi ya tatu iliyojificha, safari hii imejificha kwenye jani.

Ndiyo maana waridi inatoka kama papai, bluu nyepesi inatoka na ukijani, na zambarau nyepesi inatoka kama vumbi, kwa kuwa njano ni mpinzani wake. Mimi nililipia somo hili kwa fungu zima la harusi: bibi harusi alitaka zambarau laini, nikamletea kitu cha rangi ya ugoro. Nilirudisha pesa, na mama mtu hanisalimii vizuri mpaka leo.

Hakuna nyeupe ya kutia kwenye sufuria. Wepesi unatokana na maji mengi na rangi kidogo, na usafi unatokana na weupe wa chane. Kwa rangi laini tumia chane za majani machanga yasiyofunguka, zilizochemshwa na kuanikwa zikapauka vizuri. Za zamani zenye unjano ziwekee kijani, chungwa, nyekundu ya pilipili na kahawia. Huko unjano wake unakusaidia.

Mpangilio:

1. Funika mdomo na pua, vaa glavu. Unga wa rangi unaruka na haufai kuvutwa. Sufuria ya rangi isirudi kwenye ubwabwa, hata iwe imesuguliwa vipi.
2. Loweka chane kwenye maji safi usiku kucha. Chane kavu inakunywa kwa pupa na kutoka na mabaka.
3. Yeyusha unga kwenye kikombe cha maji ya moto kwanza, uchuje kwa kitambaa. Unga ukimwagwa moja kwa moja unaacha madoa kama ya surua.
4. Fuata kipimo cha pakiti. Kama umepimiwa sokoni kwenye kikaratasi kisicho na maelezo, mimi huanza na kijiko kimoja cha chai kwa lita mbili za maji, kwa chane tano za majaribio.
5. Maji yachemke, tia chane zizame zote, geuza kwa mti kila mara kwa muda wa dakika ishirini hivi.
6. Epua, ziache zipoe humohumo. Suuza mpaka maji yatoke safi.
7. Anika kivulini. Jua kali linachujisha rangi kabla hujaanza kusuka.

Chane ikiwa mbichi ina rangi nzito kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo usihukumu ikiwa inachuruzika. Anika zile tano za majaribio, zikauke kabisa, ndipo uamue kuongeza au kupunguza. Siku moja ya kusubiri inaokoa wiki.

Onyo kubwa: usichanganye rangi mbili kwenye sufuria moja ukatumbukiza mafungu kwa zamu. Rangi mbili hazishiki kwa kasi moja. Fungu la kwanza litatoka limeelemea moja, la mwisho limeelemea nyingine, na mkeka utakuwa na mawimbi. Kwa kijani, chemsha zote kwa njano kwanza, suuza, kisha pitisha kwenye bluu nyepesi kwa muda mfupi, ukitazama. Ndivyo wafanyavyo watu wa batiki: nyepesi kwanza, nzito juu yake. Na chane zote za mkeka mmoja zipikwe siku moja, kwa maji ya kisima kilekile, maana maji ya chumvichumvi na ya bomba hayatoi rangi sawa.

Umefaulu kama chane ya juu ya fungu na ya katikati zikiwekwa pamoja kivulini huwezi kuzitenga, na ukiisugua moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kitambaa kinabaki cheupe.

## Hatua ya 8: Ukimfundisha mwingine

Usianze na duara. Anza na majina. Kiswahili kimeshafanya nusu ya kazi: zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia imetoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, kijani kwenye jani. Mwanafunzi anayeogopa neno "nadharia" haogopi kutofautisha zambarau lililoiva na lisiloiva.

Msimu wa korosho watume wakaokote mabibo kumi yasiyofanana, kuanzia la njano hadi jekundu kabisa, wayapange mstari mezani. Huo ndio upande mmoja wa duara, tayari. Kisha kila mmoja achanganye rangi ya bibo moja mpaka tone likipakwa kwenye ganda lisionekane. Zoezi hili linafundisha zaidi ya wiki nzima ya maneno yangu, na mwisho wake mnakula darasa, ila mabibo yanachafua nguo.

Nje ya msimu, tumia majani: mkorosho mchanga, mnazi, muhogo, mwembe, mgomba. Matano yote yanaitwa kijani na hakuna mawili yanayolingana. Udongo mwekundu wa Newala kwenye kifuko ni zoezi zuri la hatua ya nne.

Mwanafunzi anayeshindwa kutofautisha nyekundu na kijani kila mara, tena ni mwenye bidii, usimkaripie. Wapo watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatengi rangi hizo tangu kuzaliwa. Mpe hatua ya tano aishike vizuri, na vifuniko vyake viandikwe majina. Mmoja wa vijana wangu wa mabango yuko hivyo, na maandishi yake ndiyo yanayosomeka kutoka mbali kuliko ya wenzake wote.

## Tope lililokwisha kupatikana

Usilimwage. Ongeza njano na litageuka hudhurungi, ongeza bluu na litageuka kijivu kizito. Lililobaki liweke kwenye kopo lenye kifuniko, uandike "kivuli". Kwa mchoraji, tone lake moja kwenye rangi yoyote ya picha hiyohiyo linatuliza bila kuiua. Kwa msukaji, sufuria la rangi iliyoharibika lipikie chane za ukingo wa mkeka, pale miguu inapokanyaga na vumbi linapokaa. Ila andika daftarini ulichochanganya, kwa vifuniko vingapi, maana kuna siku mteja atakuja na kusema anataka ileile ya ukingoni.